Mlango wa Nyuma wa Pijo

Gari la baba lilipatikana Binza, pale Maswa mjini, nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mdogo wangu Maduhu alinipigia simu akiwa amesimama hapohapo.

"Dada Nyanjige, nimelipata. Pijo la baba. Ndilo lenyewe."

Nilikuwa sokoni Bariadi, nampimia mteja dagaa wa Lamadi. Nikamwambia awaachie kuku nyumba yao. Akacheka, akidhani natania. Nina mdomo, hilo nalijua, na ubaya wa kuwa na mdomo ni kwamba hata siku unayoumia watu wanasubiri wacheke.

Sikuwa natania. Gari lile nilikuwa nimeliombea lioze.

Mimi ni binti wa kwanza wa Mzee Magese wa Ngulyati. Nilipoolewa, huko nyuma ya Maswa, zizi la baba lilijaa ng'ombe wa mahari yangu mpaka wengine wakawa wanalala nje ya boma. Kwetu ng'ombe wa binti hawaliwi haraka. Wanakaa, wanazaa, nduguye wa kiume akikua anaoa kwa hao. Na ndoa ikivunjika wapo, wanarudi walikotoka, binti naye anarudi kwao. Baba alilijua hilo kama kila mtu anavyolijua. Lakini baba alikuwa amepewa lifti siku moja na mnunuzi wa pamba, wakaenda naye hadi Mwanza, na aliporudi ng'ombe wakaanza kumnukia. Akawaswaga kundi zima mnadani. Akarudi na Pijo 504, rangi ya maziwa, gari pekee pale kijijini, na watu wakaja kulisalimia.

Mume wangu alikuwa mtu wa kupiga. Alinipiga sikio la kushoto mpaka likafa, na hadi leo ukitaka nikusikie kaa kulia kwangu. Nikakimbilia nyumbani. Mama akanikanda kwa maji ya chumvi. Asubuhi yake nilimwona baba ameinama kwenye mlango wa nyuma wa Pijo ameshika bisibisi. Nilidhani anatengeneza. Akaniambia nipande, ananipeleka hospitali.

Kiti cha nyuma, upande wa kulia, alikuwa amepakia magunia ya pamba hadi kwenye paa. Nikakaa kushoto. Tulipoipita njia ya hospitali nikanyoosha mkono nishike kitasa, nikashika matundu. Nikalia, nikamwomba. Nikasema, "Baba, nirudishe nyumbani, warudishie ng'ombe zao."

Hakugeuka. Alisema, "Ng'ombe zipi? Ndizo hizo umezikalia."

Maduhu alikuwa kiti cha mbele, mtoto ambaye miguu yake haijafika sakafuni, anakula chungwa.

Walinishusha kwa mume wangu, wakaondoka. Wakati wa kurudi gari likamshinda baba darajani, likabinuka hadi korongoni. Baba alivunjika mguu ukaungana vibaya, Maduhu akapata kovu la kwenye paji ambalo analo mpaka leo. Mfanyabiashara wa Binza alinunua mabaki, akang'oa injini akaiwekea mashine ya kusaga. Mimi nilikaa kwa yule mume mpaka alipokufa kwa ugonjwa wake mwenyewe, ndipo nikarudi Bariadi kuuza dagaa. Baba alikuwa ameshatangulia.

Sasa Maduhu alilibeba lile bovu kwa lori, akalileta gereji kwa Zengo, barabara ya kwenda Lamadi. Zengo ni fundi asiyependa maneno mengi. Alilizunguka, akachungulia ndani, akatema mate, akamwita Maduhu kwa jina la bintiye.

"Baba Ng'washi, hili ni banda la kuku lenye usukani. Tafuta gari lingine nikutengenezee."

"Sitaki lingine," Maduhu akasema.

Nataka mjue kwamba mdogo wangu si mtu mbaya. Hajawahi kumpiga mkewe, Mungu amrehemu, wala hanywi. Ana mashamba yake ya pamba na mtama kule Ngulyati, na mvua ikikataa analalamika kama wenzake. Ila alipokuwa anaongea habari za Pijo, uso wake ulirudi utotoni. Baba alimpakata akamwachia usukani. Baba alipiga honi alipopita shuleni, watoto wote wakasimama. Kwa Maduhu, siku baba alipokuwa na gari ndizo siku baba alipokuwa baba. Baada ya hapo alibaki mzee mwenye fimbo na mguu uliopinda, anayekaripia mbuzi.

Kazi ikaanza. Paa lilikuwa limelala juu ya viti, Zengo akalinyanyua kwa jeki na nyundo. Akakata bati lililoliwa na kutu, akachomelea jipya, akapaka pati ya kuziba mabonde, yeye na Maduhu wakapiga msasa mpaka mikono ikatoka malengelenge. Injini ilitoka kwenye Pijo lingine lililokufa Shinyanga. Vioo vilitoka sijui wapi. Viti vikashonwa upya. Na kila kitu kilipoingia gereji, zizini Ngulyati ng'ombe alitoka.

Hao hawakuwa ng'ombe wa Maduhu. Walikuwa wa mahari ya Ng'washi, binti yake, aliyeolewa mwaka mmoja kabla na kijana mmoja anaitwa Masele, mtoto wa Mzee Mayige, huko huko nyuma ya Maswa. Mimi ndiye niliyempeleka. Mama yake alikuwa ameshafariki, na kwetu sengi, yaani shangazi, ndiye anayemshika binti mkono na kumkabidhi ukweni. Nilimkabidhi kwa mkono wangu huu, nikala wali wao.

"Maduhu," nilimwambia, "ng'ombe wa mtoto hao."

"Nawakopa tu, dada. Wataludi." Maduhu akiwa na wasiwasi, Kiswahili chake kinarudi Ngulyati.

Mzee Mayige mwenyewe alipita pale gereji siku moja alipokuja mjini kwa mambo ya pamba. Gari lilikuwa limeshapata rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti akakipitisha taratibu, kama mtu anavyoshika nundu ya dume mnadani. Akauliza lingechukua ng'ombe wangapi.

"Haliuzwi, baba Masele," Maduhu akasema, na meno yote nje.

"Lakini lingeuzwa?"

"Lingeuzwa, ni zizi zima limesimama hapo."

Sitasema uongo, lilikuwa linapendeza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku nyingine nilimkuta Zengo amechuchumaa kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, Maduhu amesimama nyuma yake na kitambaa.

"Kitasa cha ndani hapa hakipo," Zengo alisema. "Na hakikuvunjika. Mtu alifungua skrubu moja moja. Nikitafute?"

"Acha kama kilivyokuwa," Maduhu akajibu. "Baba alikitoa ili sisi watoto tusidondoke njiani. Nataka liwe kama alivyoliacha."

Nilisimama pale na ndoo yangu ya dagaa kichwani. Nikamuuliza, "Siku ya ajali mlikuwa akina nani ndani ya gari?"

"Mimi na baba."

"Na wakati wa kwenda?"

"Mimi na baba," akasema, akaendelea kupangusa kioo.

Ng'washi alishuka kwenye basi la Maswa asubuhi moja ya kiangazi. Hakwenda kwa baba yake, alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu sokoni, mkono wa kulia umefungwa kwa kanga.

"Mwangaluka, sengi."

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Mkono umefanya nini?"

"Nimeteleza kisimani."

"Kisima hicho kinaitwa Masele?"

Alikaa juu ya gunia la dagaa, akaegemeza kichwa kwenye mguu wa meza, na machozi yakawa yanatoka bila sauti yoyote. Nilifunga biashara. Hospitali walisema mfupa umevunjika tangu siku kadhaa zilizopita, umeanza kujishika vibaya. Wakauvunja tena ili waunyooshe, wakamfunga hogo la plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko. Daktari akasema hata hivyo hautakuwa kama zamani. Njiani kurudi kwangu alisema maneno mawili tu, kwamba harudi.

Maduhu alipomwona alilia. Alimshika binti yake kichwa kwa mikono yote miwili akalia mbele ya majirani, na mimi mjinga nikadhani mambo yamekwisha.

Kisha Mzee Mayige akapiga simu. Hakutukana. Alisema kwa adabu kwamba nyumba yake haina mpishi, kwa hiyo wenzake watafakari, mke arudi au ng'ombe warudi. Maduhu alisema "ndiyo, mkwe" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipokata simu hakunitazama.

Nilipanda bodaboda hadi Ngulyati nikajionee zizi. Palikuwa na ndama wawili na mbuzi, na majani yalikuwa yameota pale ng'ombe walipokuwa wanalala. Maduhu alinikuta nimesimama langoni.

"Wako wapi?" nikamuuliza.

"Si unajua, dada."

"Nataka uniambie wewe."

"Wako kwa Zengo."

Akaanza kunieleza. Gari likikamilika litakuwa la harusi, mjini watu wanapenda gari la zamani la kupakia maharusi, ng'ombe watarudi wote na ziada. Ng'washi atarudi kwa mumewe kwa muda tu. Ameshaongea na baba Masele, na mzee ameahidi kijana hatamgusa tena. "Na nitampeleka mwenyewe," akasema. "Kwa heshima. Ndani ya gari la babu yake."

"Uza gari."

"Hilo siwezi."

"Uza gari, Maduhu, mtoto wako amevunjwa mkono."

Aligusa lile kovu lake kwenye paji. Anafanya hivyo bila kujua. "Dada, sina kitu kingine cha baba. Alivyokufa aliacha fimbo. Nisiuze, nakuomba. Nipe mwaka mmoja tu."

Nilimhurumia. Nasema wazi, nilimhurumia, na huruma hiyo ikanizidishia hasira. Nikamwambia yote, pale langoni, upande ule wa jua. Nikamwambia kuhusu bisibisi, magunia, hospitali ambayo hatukufika. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nyuma, na yeye alikuwa mbele anakula chungwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Chungwa nalikumbuka," akasema. "Wewe sikukumbuki."

Nikaondoka. Nilipofika mjini nilikwenda moja kwa moja kwa Zengo, nikamwambia aweke kitasa kwenye ule mlango.

"Mwenyewe amekataa," Zengo akasema.

"Mwenyewe ni nani? Gari hili lilinunuliwa kwa ng'ombe zangu mimi. Weka."

Zengo akaenda kwenye pipa lake la vyuma akachambua. Kitasa alichopata kilikuwa cha gari lingine, cheusi wakati vingine ni vya kung'aa, lakini alikifunga, akakijaribu mbele yangu, mlango ukafunguka. Maduhu hakugundua. Watu wa kiti cha mbele hawaangalii nyuma.

Siku ya safari Ng'washi alioga, akajitanda kanga mpya, akapanda. Hakubisha hata neno moja, na kutobisha kwake kuliniogopesha kuliko angepiga kelele. Mimi nilipanda naye nyuma, maana ni kazi yangu, binti harudishwi ukweni bila sengi. Nilimkalisha kushoto, penye mlango. Buti lilikuwa na dagaa na sukari, zawadi ya kwenda kuombea msamaha kosa la mtu aliyevunjwa mkono. Maduhu alivaa shati la Jumapili. Tulipokuwa tunatoka mjini, wenye bodaboda walipiga honi, naye akawajibu.

Njia ile sasa ina lami. Vumbi lilikuwa limekwisha, ila mashamba ya pamba ni yaleyale, na mimi nilikuwa binti mdogo tena, naona aibu kusema. Tulipokaribia lile daraja, kundi la ng'ombe likakata barabara. Maduhu akasimamisha gari. Mchungaji hakuwa na haraka, na ng'ombe walipita mmoja mmoja mbele ya boneti, wengine wakilinusa.

Niliona Mungu ameniwekea nafasi. Nikanyoosha mkono kupita magotini kwa Ng'washi, nikavuta kile kitasa cheusi. Mlango ukafunguka. Upepo wa nje ukaingia, na harufu ya samadi.

"Shuka," nikamnong'oneza. "Pita katikati ya ng'ombe, ufike kule upande wa pili. Nami nakuja."

Aliutazama mlango. Aliitazama barabara, na mbuga iliyo nyuma yake. Kisha akanigeukia, macho makavu kabisa.

"Sengi, nikishuka, ng'ombe zao zitakuwa zimerudi?"

Nikatazama ng'ombe wanaopita.

"Watanifuata kwako. Watanifuata Mwanza. Baba watamwaibisha kila mnada." Akaushika mlango kwa mkono wake mzima, akaufunga mwenyewe.

Maduhu alisikia ule mlio. Hakugeuka, lakini niliyaona macho yake kwenye kioo. "Huo mlango haufungukagi kwa ndani," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Unafunguka sasa," nikamjibu. Ng'ombe wa mwisho akapita, tukaondoka.

Miaka yote ile nilikuwa nimekilaumu kile kitasa. Usiku mwingi nilikuwa naota nakishika, mlango unafunguka, nakimbia kwenye pamba. Na sasa mtoto wa juzi alikuwa amenionyesha kwamba ningekimbia na kesho yake ningeletwa tena, maana ng'ombe walikuwa hawapo. Nilitazama kiti nilichokalia, kile kitambaa kipya kilichoshonwa vizuri. Nikayasikia maneno ya baba kwa lile sikio langu lililokufa. Ndizo hizo umezikalia.

Tulipofika, Mzee Mayige alitoka na wazee wawili wa ukoo wake, Masele nyuma yao na fulana safi. Wakatupa viti vya miguu mitatu kivulini mwa nyumba. Mimi na Ng'washi tukakaa mkekani.

"Mwadila," Mzee Mayige alisema.

"Mwadila, baba Masele."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ng'ombe hawajambo?"

Ndiyo salamu yetu, na mtu anaijibu bila kufikiri. Maduhu alijibu, "Ng'ombe hawajambo, wanamshukuru Mungu." Wale wazee wakaitikia kwa kichwa.

Maneno yakaanza. Kijana amekosa, binti naye asiwe na mdomo, nyumba ni kuvumiliana. Masele alitazama chini kama alivyofundishwa. Nilimwambia Maduhu anipe ufunguo nikatoe zawadi kwenye buti. Akanipa bila kunitazama. Nikainuka, nikaenda mpaka kwenye gari, nikaliegemea kidogo. Buti sikulifungua. Nikarudi, nikapiga magoti mbele ya Mzee Mayige.

"Mimi ndiye sengi wa huyu mtoto," nikasema. "Nilimleta kwenu kwa mkono huu, akiwa mzima. Leo nimekuja kumchukua."

Mzee Mayige hakukasirika. "Unaweza kumchukua, mayu. Sisi hatufungi mtu kamba. Mmesema ng'ombe zangu hazijambo, basi zije."

"Tumekuja nazo. Tumekuja tumezikalia." Nikauweka ufunguo juu ya mkeka, karibu na mguu wake. "Ulimuuliza ndugu yangu gari hili ni ng'ombe wangapi. Akakwambia ni zizi zima. Zako zote zimo humo, na ziada."

Masele akasimama. "Mimi sitaki gari. Nataka mke wangu."

"Ulitoa ng'ombe wewe?" baba yake akamuuliza. "Kaa chini."

Macho ya yule mzee yalikuwa yameshafika kwenye boneti. Mpaka leo naishukuru tamaa yake, maana haki isingetusaidia. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Akamgeukia Maduhu.

"Baba Ng'washi, haya ni maneno ya nyumba yenu, au ni ya mama huyu peke yake?"

Mbele ya wakwe mtu hagombani na dada yake. Hapandishi sauti, hata nzi akimwingia mdomoni. Na Maduhu alikuwa ameshasema kwa kinywa chake kwamba ng'ombe hawajambo. Angekataa gari, angeambiwa basi, waswage waje. Nilijua hayo nilipopiga magoti. Nilikuwa nimemfungia ndugu yangu mlango, na nilikuwa naona anavyotafuta kitasa.

Aliangalia gari. Aliliangalia muda mrefu, jua likiwa limelipiga ubavuni, na mkono wake ukapanda kwenye kovu. Halafu akamwangalia binti yake, lile hogo, vile vidole vilivyovimba vinavyochungulia.

"Ndivyo," akasema.

Mzee Mayige akaokota ufunguo. Wazee wawili wakashuhudia, mambo ya kadi ya gari wakapanga ya siku nyingine. Tukaachiwa zawadi zetu turudi nazo, lakini Maduhu hakutaka kurudi kwenye lile buti. Nasikia Masele aliliendesha mpaka likachemka, akaliacha chini ya mti wa mkaratusi, na sasa wanaanikia mahindi juu ya paa. Mkono wa Ng'washi ulipona umepinda, hawezi kuchota maji kwa mkono huo. Anauza dagaa na mimi, anapima kwa kushoto.

Siku ile tulitembea kwenda kutafuta basi barabara kuu. Ni mbali, na jua lilikuwa kali. Ng'washi alitangulia. Mimi nilifuata, na Maduhu nyuma yangu na shati lake la Jumapili limeloa. Nilijua hataongea nami tena kwa muda mrefu, pengine kabisa, na nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa natembea nikimlilia mdogo wangu kimoyomoyo kama mtu niliyemzika.

Tulipokuwa tumebakiza kidogo kuiona lami, akaharakisha hatua, akanifikia. Akaja upande wangu wa kulia, upande ninaosikia.

"Nilikusikia," akasema. "Siku ile. Ulikuwa unakwaruza mlango."

Nikasimama.

"Baba alinipa chungwa," akasema, "akaniambia nisigeuke."

Ng'washi alikuwa ameshafika barabarani, amesimama peke yake, ameinua mkono wake mmoja kusimamisha basi.